Moyo Kwenda Mbio Si Mawazo Tu
(Mada iliyotolewa kwa wanachama, sherehe ya kutimiza miaka 10)



Hapa Tunduma mama akisema moyo unamwenda mbio, jibu tunalo tayari: "Ni mawazo ya marejesho." Mara nyingine ni kweli. Wasiwasi, hofu na kukosa usingizi huupeleka moyo mbio. Lakini jamani, tukimaliza kila kitu kwa neno "mawazo", tutamzika mwenzetu kwa ugonjwa uliokuwa na dawa.

Kwanza tujue kipimo. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Ukipita 100 nawe umekaa tu, pana sababu. Itafutwe.

Kwetu wanawake, ya kuangalia mapema ni upungufu wa damu: hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, malaria, minyoo. Damu ikipungua, moyo hukimbia ili ile kidogo itoshe mwili mzima. Nyingine ni homa, kuharisha, kushinda juani mpakani bila kunywa maji, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, sigara, pombe, vinywaji vya kuongeza nguvu, na hata kahawa yetu ya Mbozi ikizidi.

Presha ya muda mrefu nayo huvuruga mapigo. Vilevile mtoto mwenye homa na maumivu ya koo asipotibiwa vizuri, anaweza kupata baridi yabisi inayoharibu milango ya moyo. Mapigo yakivurugika hivyo, damu huweza kuganda ndani ya moyo. Bonge likifika kwenye ubongo, ni kiharusi.

Moyo ukienda mbio pamoja na kuzimia, kifua kubana au kuhema, usingoje kikao: hospitali saa hiyo hiyo. Vinginevyo nenda zahanati upimwe wingi wa damu na presha, na uulize kuhusu rufaa ya kupimwa umeme wa moyo. Tangu 2015 nchi yetu ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, lakini safari inaanzia zahanati ya jirani.

Mfuko wa jamii tumezoea kuufungua kwenye misiba. Miaka 10 ijayo tuufungue mapema, wakati mwenzetu bado anakwenda kupimwa kwa miguu yake.