Ziwa letu nalo lipewe stakabadhi
(Hotuba iliyotolewa katika chakula cha jioni cha harambee ya mwaka)

  

Kamati imenipa dakika kumi na tano na onyo moja: kwa kuwa mimi ni mhasibu, nisije nikawasomea mizania wakati chakula kinapoa. Nitatii, ingawa hesabu moja ndogo mtanivumilia. Nimeombwa nizungumzie Ziwa Babati, na hasa namna sisi tunaoishi mbali tunavyolitembelea tunaporudi nyumbani.

Safari ya Desemba wote mnaijua. Ukishapita Magugu na mashamba yake ya mpunga, watoto wanaanza kuuliza tumefika, hatujafika. Siku ya kwanza ni ya salamu kwa wazee. Siku ya pili ni ya misiba tuliyoikosa na harusi zilizotupita. Siku ya tatu watoto wamechoka kukaa sebuleni, wanataka kuona viboko. Basi familia nzima inateremka ziwani, na hapo ndipo mada yangu inapoanzia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tunapewa mtumbwi, tena wa bure.

Desemba iliyopita nilisimama ufukweni nikahesabu watu tisa wakiingia katika mtumbwi mmoja wa mti, wakiwemo watoto wanne. Hakuna aliyevaa boya. Walizunguka karibu saa nzima, wakapiga picha, wakarudi wakicheka. Nilimuuliza kijana mpiga kasia wamelipa kiasi gani. Akajibu, "Dada, hao ni watu wa nyumbani. Wametupa asante ya elfu tano." Asubuhi ya siku hiyo, katika mtumbwi huohuo, walikuwa wamepanda wageni wawili wa kutoka nje ya nchi. Hao walilipa bei waliyotajiwa, wala hawakubisha.

Ndugu zangu, sisemi haya kumwaibisha mtu. Undugu ni kitu kizuri. Lakini kijana yule ana mke na mtoto, na anayemwita ndugu ndiye anayemlipa kidogo kuliko wote. Kwa bei hiyo hawezi kununua hata boya moja la kumvalisha mwanao.

Tunachokwenda kukitazama pale si cha mchezo. Kiboko dume mkubwa anapita kilo 1,500. Mchana anajilaza majini, na akizama anaweza kukaa chini dakika tano hivi, kwa hiyo maji unayoyaona matulivu huenda yana mwenyewe. Usiku anatoka kula majani, kilo zipatazo 40 kwa usiku mmoja, na alfajiri anarudi. Anayekutana naye nchi kavu akiwa amesimama kati yake na maji yuko hatarini kweli. Wapiga kasia wetu wanayajua haya yote. Wanajua kundi limelala upande gani, mama mwenye mtoto yuko wapi, na umbali gani unatosha. Ukimwambia "sogea kidogo, picha haijatoka vizuri" kwa kuwa hukumlipa kitu cha maana na yeye anaona aibu kukukatalia, unaweka roho za watu rehani.

Jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii: samadi ya kiboko inarutubisha maji. Majani anayokula nchi kavu usiku anayarudisha ziwani, na humo vinaota na kuzaliana vile viumbe vidogo ambavyo samaki wanakula. Kwa hiyo perege anayekaangwa kwa mama mkwe ana deni kwa kiboko. Hapo mhasibu anaona mahesabu mawili yanayotegemeana: ukimfukuza mmoja, mwingine naye anapungua.

Nije kwenye uvuvi. Wako wajomba hapa wanaokwenda nyumbani na ndoano zao, na ni starehe nzuri. Asubuhi na mapema, chambo cha mnyoo, kambare hawakawii. Lakini samaki wengi tunaokula likizo hawatoki kwenye ndoano zetu, tunawanunua. Na mnunuzi ndiye anayeamua nyavu gani zitumike.

Perege dume anachimba kiota chake kwenye maji mafupi ya kando. Jike akishataga, anayabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakiogopa wanarudi mdomoni mwa mama. Sasa fikirini kokoro linaloburutwa pale pale kando ya ziwa: linabomoa viota na kumzoa mama pamoja na mdomo uliojaa watoto. Ndiyo maana sheria zetu za uvuvi zinakataza kokoro, zinakataza kuvua kwa vyandarua, sumu na baruti. Hata hivyo, ukinunua fungu la samaki wadogo kama vidole kwa sababu ni rahisi, umemwambia mvuvi arudi kesho na kokoro lilelile. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi haviwezi kushindana na wateja wenye magari.

Uwindaji nitausema polepole, maana unagusa pabaya. Wazee wetu waliwinda. Kwa jirani zetu Wabarbaig kijana aliyeua simba alipewa heshima na mifugo. Hatuwezi kuyafuta hayo, wala hatuna sababu ya kuyaonea haya. Ila siku hizi mnyama hawindwi bila leseni, na leseni ina aina ya mnyama, idadi, eneo na muda wake. Kiboko wa ziwani si wa mtu kwenda kumpiga kwa sababu amekula mahindi. Akila mahindi, anayeitwa ni afisa wanyamapori.

Tatizo letu sisi wa mjini ni simu. Mtu anapiga simu wiki moja kabla ya kusafiri: "Mdogo wangu, nitafutie nyamapori, nakuja na wageni." Mdogo wake hana leseni, ila anataka kumfurahisha kaka. Akikamatwa, anayelala mahabusu ni yeye, na kesi za namna hiyo zinaishia kwenye kifungo cha miaka mingi. Aliyepiga simu anarudi mjini kazini kwake. Tangu mwaka 2020 zipo kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Anayeitamani nyama hiyo aende kwenye bucha lililosajiliwa, alipe, achukue risiti, ale kwa amani. Wadogo zetu tuwaache salama.

Mnaweza kuuliza kama kweli wanyama na ziwa vinaweza kuingiza fedha zinazofika kijijini. Hatuhitaji kwenda mbali. Katika wilaya yetu hii hii, upande wa Tarangire, kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge, JUHIBU. Ni vijiji vilivyotenga ardhi yao karibu na Ziwa Burunge na mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Manyara. Sheria inaziruhusu jumuiya kama hiyo kuingia mikataba na wawekezaji wa utalii wa picha na wa uwindaji, na sehemu ya mapato inarudi vijijini. Haijawa kazi rahisi. Kumekuwa na migogoro ya ardhi, na tembo hawaheshimu mipaka ya shamba. Lakini fedha zinapita kwenye vitabu, na mwanakijiji anaweza kusimama kwenye mkutano akauliza zimekwenda wapi. Ziwa letu lililo mlangoni mwa mji halistahili kubaki nyuma katika hilo.

Sasa ile hesabu yangu moja. Ni mfano wa kueleweshana tu. Chukueni familia 50 kati yetu zinazorudi likizo, kila moja ikipeleka watu wanne ziwani, kila mtu alipe shilingi 10,000. Hiyo ni shilingi 2,000,000 kwa msimu mmoja. Nusu iende kwa wapiga kasia. Nusu inayobaki, milioni moja, inunue maboya ya kuvaa na miche ya miti. Hapo hatujamwomba mfadhili hata mmoja. Tumelipa tu nauli.

Miche ya nini? Ziwa Babati ni la kina kifupi. Mvua ikinyesha inashusha udongo wa mashamba ya milimani mpaka ziwani, na kila debe la udongo linachukua nafasi ya debe la maji. Waliokuwepo mwaka 1990 wanakumbuka maji yalivyotoka ziwani yakaingia mjini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo 60 zikirudishiwa nyasi na miti, udongo unanaswa kabla haujafika majini. Na wengine mashamba yaliyo ndani ya mita hizo ni ya familia zetu humu humu ukumbini. Tuanze na hayo kabla hatujamnyooshea jirani kidole.

Najua swali mlilo nalo, maana mmelibeba tangu harambee ya kwanza: fedha zitaliwa? Naomba nijibu kama mhasibu. Kitabu cha stakabadhi kiwe cha nakala tatu: moja ya mgeni, moja ya kikundi cha wapiga kasia, moja ibaki kitabuni. Fedha zipelekwe benki kila wiki, na zisitoke bila saini tatu, mojawapo ya mwanamke mkazi wa kandokando ya ziwa. Kila mwisho wa mwezi mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao pale pale mwaloni, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Mimi nitavikagua vitabu hivyo kila mwaka bila malipo, na taarifa itachapishwa katika kijitabu hiki mnachokishika. Kitu kisichoandikwa hupotea hata mikononi mwa waaminifu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yangu ni machache. Desemba hii tukiteremka ziwani, tulipe bei iliyobandikwa, tena kabla ya kupanda, na tudai stakabadhi. Mtoto asipande bila boya. Samaki wadogo tusinunue. Nyamapori tusiagize kwa simu. Na usiku huu, bahasha mlizokuta mezani zikusanye fedha za maboya 40 ya kuanzia, ya wakubwa na ya watoto, pamoja na vitabu vya kwanza vya stakabadhi. Anayetaka kuchangia miche badala ya fedha amwone Mweka Hazina kabla hajaondoka.

Kijana yule hakuniomba chochote. Aliona ni jambo la kawaida ndugu kupanda bure. Ningependa mwaka huu ashangae kidogo.

 Karibuni tuchange.