Uniti Ndani ya Mtungi: Udhibiti wa Kawi na Maji Ukitazamwa Kutoka Emali

Emali ni mji wa mambo yanayopita. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita hapa na kukutana na ile inayoelekea Loitokitok. Reli zote mbili zinapita, ya mkoloni na ya SGR. Bomba la mafuta kutoka Mombasa linafuata njia hiyohiyo kupanda bara, na maji ya chemchemi za Nolturesh, chini ya Kilimanjaro, yanasafiri kwa bomba upande huu yakielekea Machakos na Athi River. Hata mpaka wa Makueni na Kajiado umepita papa hapa mjini. Mkazi wa Emali anaishi baina ya kawi ya wengine na maji ya wengine, na vyote viwili anavinunua kwa bei iliyopangwa mbali na yeye. Hoja yangu ni hii: katika nchi kavu ya Ukambani, bei ya maji kwa sehemu kubwa ni bei ya kawi iliyobadilishwa jina, na mfumo wetu wa udhibiti, uliozigawa bei hizo mbili kati ya ofisi mbili zisizolazimika kusikilizana, unamwacha mnunuzi wa mtungi bila mtu wa kumtetea pale hasa bei yake inapozaliwa.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mjadala wa bei hugeuka kuwa malalamiko. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji, yaani mitungi 50 ya lita 20, kutoka kisima chenye kina cha mita 150, kunahitaji takriban uniti 0.4 za stima hata kama mashine haipotezi chochote. Mashine hupoteza. Tukikadiria kwamba pampu na mota yake hutumia vizuri nusu tu ya stima inayoingia, tunafika uniti 0.8. Hapo maji yametoka ardhini tu. Hayajasukumwa kupanda kwenye tangi la kilimani wala kusambazwa. Kisha yanaingia kwenye mabomba ambako, kwa mujibu wa ripoti za mdhibiti wa maji mwenyewe, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa nchini hayaleti mapato: yanavuja, yanaibwa, au mita haiyasomi. Kwa kiwango cha asilimia 40, ili kuuza mitungi 50 lazima upampu mitungi 83. Uniti 0.8 zinakuwa karibu 1.4, na zaidi ya nusu uniti katika hizo imelipiwa kwa ajili ya maji ambayo hayakulipiwa na yeyote. Kila uvujaji wa bomba ni uvujaji wa stima, ingawa katika vitabu vyetu tunauandika mara moja tu, upande wa maji.

Sasa tutazame nani anasimamia nini. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, imeanzishwa na Sheria ya Kawi ya 2019, ikirithi kazi ya tume ya ERC iliyotokana na sheria ya 2006, ambayo nayo ilikuwa imeirithi bodi iliyosimamia stima peke yake chini ya sheria ya 1997. Kila hatua imeongeza upana wa mamlaka, na leo ofisi moja hupanga bei ya stima, hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi bei za juu kabisa za mafuta mji kwa mji, na hutoa leseni hata kwa fundi wa sola. Upande wa pili kuna Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, iliyozaliwa na Sheria ya Maji ya 2002 na kuendelezwa na ile ya 2016. Yenyewe huchunguza na kuidhinisha bei za kampuni za maji za kaunti. Kampuni inapopeleka ombi lake, bili ya stima huingia kama gharama isiyoepukika, sawa na mvua isiponyesha. WASREB inaweza kuuliza kwa nini wafanyakazi ni wengi au kwa nini mabomba yanavuja. Haina uwezo wa kuuliza kwa nini uniti inauzwa hivyo, kwa sababu swali hilo lina ofisi yake. Wakati huohuo, soma kwa makini bili yoyote ya stima: miongoni mwa tozo zake kuna ada ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayotokana na umeme wa mabwawa. Anayepampu maji Makueni huchangia usimamizi wa maji kupitia bili ya stima, halafu huipakia stima hiyo kwenye bili ya maji. Sheria inajua kuunganisha mambo haya mawili inapofika wakati wa kutoza.

Tofauti ya maji yanayoshuka na maji yanayopandishwa inaonekana Emali kuliko miji mingi. Maji ya Nolturesh huja kwa mserereko. Mlima ndio pampu yake. Maji ya kisima hulipiwa kila mita ya kina. Bomba la Nolturesh likikauka, kwa uchakavu au kwa vuta nikuvute ya muda mrefu kati ya kaunti zinazolitegemea, mji huhamia visimani, kwenye mikokoteni na kwenye maboza. Boza hutumia dizeli, na dizeli ina kikomo cha bei kilichowekwa na EPRA. Ajabu ni kwamba mafuta ndani ya tangi la dereva yana bei ya kisheria, ilhali maji aliyobeba mgongoni mwa lori hilohilo hayana bei inayotangazwa mji kwa mji. Uhusiano huu wa kawi na maji hauishii kwenye bei. Bomba la mafuta lilipovuja Thange, kusini kwetu katika eneo la Kibwezi, mwaka 2015, ajali ya kawi iliwafikia watu kupitia mto na visima vyao.

Mwepesi wa suluhisho atasema: basi tuziunganishe ofisi, kama walivyofanya Tanzania. EWURA iliundwa na sheria ya 2001 na kuanza kazi 2006, nayo husimamia umeme, petroli, gesi asilia na maji chini ya paa moja. Mfano huo unastahili heshima. Ombi la bei ya umeme na ombi la bei ya maji yakipita mbele ya bodi moja, ni vigumu kwa bodi hiyo kujifanya haijui kwamba la kwanza limo ndani ya la pili. Hata hivyo sioni kama unahamishika hivihivi. Katiba yetu ya 2010 imezipa kaunti huduma za maji, na kampuni za maji za Makueni na Kitui ni mali ya kaunti zao. Kuunda dude moja Nairobi kungefufua mivutano ya ugatuzi kabla ya mtungi mmoja kushuka bei. Isitoshe, Tanzania yenyewe haikuviweka vyote chini ya EWURA: maji ya vijijini yana wakala wake, RUWASA, tangu 2019. Kisima cha kijiji hukwepa kila jengo linalojengwa kwa ajili yake. Ninachokitaka ni kidogo zaidi, na naamini kinawezekana bila kubadili ibara yoyote: EPRA inapopitia bei ya stima, WASREB isimame mbele yake kama mhusika, ikiwa na takwimu za uniti kwa kila mita ya ujazo kutoka kila kampuni, ikiwatetea wanunuzi wa maji.

Pingamizi zito zaidi ni la wachumi. Wanasema bei nafuu kwa pampu ni ruzuku, na ruzuku hulipwa na mteja mwingine, pengine maskini kuliko mnufaika. Kweli, endapo tungeomba punguzo tupu. Lakini maji yana sifa ambayo stima haina: yanawekeka. Tangi lililojazwa usiku hutumika mchana. Tangu Desemba 2017 EPRA, na kabla yake ERC, imekubali kwamba stima ya kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mvuke wa Olkaria unapokosa wanunuzi wa kutosha, iuzwe kwa nusu ya bei ya uniti kwa wateja wa biashara na viwanda waliotimiza masharti. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, magari ya umeme yalipewa kundi lao wenyewe, na nafuu ya usiku ndani yake. Sina neno na magari ya umeme. Ila nchi iliyoweza kuliona gari linalochajiwa usiku kuwa mteja wa namna yake ingeweza kuiona pia pampu inayojaza tangi usiku, badala ya kuihesabu pamoja na viwanda na maduka. Kununua stima ambayo ingekosa mnunuzi si ruzuku. Na ili asidhulumiwe mtu, kundi hilo lifungwe kwa sharti: kampuni isiyopunguza upotevu wake wa maji mwaka hadi mwaka irudishwe kwenye bei ya kawaida.

Wapo pia wanaoona kwamba sola imeumaliza mjadala. Paneli zimeenea Ukambani, jua halitumi bili, na pampu hufanya kazi. Hapa ndipo naogopa zaidi. Bili ya stima, pamoja na uchungu wake wote, ilikuwa breki. Aliyelipia kila uniti alizima pampu tangi lilipojaa. Pampu isiyo na bili inaweza kuvuta kuanzia asubuhi hadi jioni, na maji ya ardhini katika eneo hili ni machache, mengi yake yana chumvi. EPRA humpa leseni fundi aliyefunga paneli, Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutoa kibali cha kuvuta, kaunti inamiliki bomba, WASREB huidhinisha bei. Ni milango minne, na hakuna mmoja unaolazimika kulinganisha ukubwa wa paneli na uwezo wa kisima. Kibali cha maji kingeweza kudai karatasi ya fundi wa sola, na leseni ya fundi ikamdai aandike kiwango alichoruhusiwa mteja wake kuvuta.

Kipindi cha bei za stima kilichopangwa mwaka 2023 kiliwekwa kiishie mwaka wa fedha wa 2025/26, na kila mapitio huandamana na vikao vya kusikiliza umma. Katika vikao hivyo Kenya Power huja na majedwali, wenye viwanda huja na mawakili. Kampuni za maji za Makueni na Kitui zina jedwali fupi tu la kupeleka: uniti zilizonunuliwa, mita za ujazo zilizopampiwa, mita za ujazo zilizouzwa. Safu tatu. Takwimu zake ziko kwenye mafaili yao tayari, mbili za kwanza kwa mhandisi na ya tatu kwa mhasibu.