Mpunga wa Bugarama na Kadi Yako

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

Leo nawatembeza kwenye mji mdogo wa soko, halafu turudi kambini tuzungumze kuhusu pesa.

Mji huo ni Bugarama, wilaya ya Rusizi, ambayo wazee bado wanaiita Cyangugu. Uko kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, kwenye bonde ambamo mto Rusizi unapita ukitoka ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Hapo ndipo pa chini kuliko pote nchini, kama mita 950 juu ya usawa wa bahari, na joto lake si mchezo. Ng'ambo moja ni Kamanyola, Congo. Ukivuka mto Ruhwa uko Cibitoke, Burundi. Wengi wenu mnatoka pande hizo, kwa hiyo mnajua ninachosema.

Sokoni utakuta ndagala, sambaza, mawese, mihogo, maembe na vitenge. Mtu anasalimia kwa Kinyarwanda, anauliza bei kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kirundi, na biashara inaendelea. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza mwaka 1984, kinaleta malori na watu wa mishahara. Jirani, huko Nyakabuye, maji ya moto yamevuta wageni kwa miaka mingi.

Lakini kinacholisha mji huo ni mpunga. Unalimwa Bugarama yenyewe, Muganza, Nyakabuye na Gikundamvura. Sikiliza jina hilo: kwa Kinyarwanda gukunda ni kupenda, na imvura ni mvua.

Mpunga huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kati ya kupanda na kuvuna kuna miezi ambayo mfuko ni mtupu, na mtoto anaugua, na shule inadai. Hapo anakuja mwenye pesa na kusema, "Niuzie mpunga wako ungali shambani." Kwa Kinyarwanda jambo hilo linaitwa kwotsa imyaka, yaani kuchoma mavuno.

Tuchukue mfano. Mama anatarajia magunia 6. Anauza 2 yakiwa bado majani, kwa bei ya 1. Siku ya kuvuna anabaki na 4. Akilipa mbolea na vibarua, kilichobaki hakimfikishi msimu unaofuata. Kwa hiyo anauza tena shambani, safari hii magunia 3. Amelima, amepalilia, amefukuza ndege, na wali unaliwa na mwingine.

Sasa turudi kambini. Wengi wetu hatuna shamba. Mavuno yetu ni ile pesa ya msaada inayoingia kwa mwezi. Na sisi pia tunayachoma, pale tunapomwachia muuza duka kadi pamoja na namba ya siri. Anakupa mchele leo kwa bei anayoitaka yeye. Pesa ikiingia, anaitoa yeye. Hujui kimeingia kiasi gani, wala huwezi kwenda kununua kwa jirani anayeuza nafuu. Na msaada ukipunguzwa, deni halipungui.

Simlaumu aliyefanya hivyo. Njaa ya mtoto haingoji tarehe. Muuza duka naye amekopesha watu wengi na anaogopa hasara. Lakini deni ni jambo moja, na kadi ni jambo jingine. Unaweza kudaiwa na kadi ikabaki mfukoni mwako.

Wakulima wa bonde lile wamejifunza kuungana katika vyama vya ushirika. Mpunga unapimwa na kuuzwa pamoja, kwa bei inayotangazwa kila msimu. Mmoja mmoja hawana nguvu, wakiwa wengi wanasikilizwa. Sisi pia tunajua njia hiyo. Wakongomani wanaiita likelemba, Wanyarwanda ikimina, wengine upatu. Watu 5 wanaoaminiana, kila mmoja atoe kidogo siku ya msaada, na fungu moja libaki kwa ajili ya ugonjwa na njaa ya ghafla. Haba na haba hujaza kibaba.

Kama kadi yako iko dukani leo, nenda na shahidi. Andikeni deni lote, mpatane kulipa kidogo kidogo, uchukue kadi yako, kisha ubadilishe namba ya siri. Akikataa, lipeleke jambo kwa kamati ya kambi au kwa dawati la malalamiko la shirika linalotoa msaada.

(Muziki unapanda polepole.)

Mnaosikiliza katika vikundi, jadilini haya: Kwenu watu hukopa kwa nini zaidi? Na mkianza upatu wiki hii, nani atashika daftari?

Tukutane kipindi kijacho.