Pikipiki Katika Feri: Kazi ya Mpanda na Kazi ya Mwenye Chombo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kulifikiri, nalo ni kuvusha pikipiki kwa feri. Siku hizi wanachama wengi hufanya kazi juu ya pikipiki. Wako matarishi wanaopeleka vifurushi, wako wauguzi na mabwana shamba wanaozuru vijiji, wako wasoma mita, na wako ndugu zetu wa bodaboda. Kwa watu hawa pikipiki ni jembe. Wengine hawajamaliza kuilipia. Ikianguka ikavunjika, deni hubaki na kazi huondoka. Ikimwangukia mtu, mambo huwa mabaya zaidi, maana pikipiki ya kazi ina uzito wa kilo 100 na zaidi, na ikiangukia mguu wa mtoto aliyesimama kando, hakuna pole itakayotosha.

Neno langu leo ni moja, nami nitalisema kwa sehemu mbili. Pikipiki isiyofungwa isiingie majini. Na ili ifungwe, mpanda ana kazi yake na mwenye chombo ana kazi yake; mmoja akiacha yake, ya mwenzake haitoshi.

Kwanza tufahamu kwa nini pikipiki huanguka. Stendi ya pembeni imetengenezwa kwa nchi kavu iliyotulia. Pikipiki huilalia upande wa kushoto, na inasimama kwa kuwa ardhi haisogei. Chombo cha majini husogea kwa njia nyingi kwa wakati mmoja: huyumba kulia na kushoto, huinua pua na kuishusha, na injini yake hutikisa chuma chote cha sitaha. Chombo kikiyumba kulia, pikipiki husimama wima, kisha hupita wima ikaanguka upande usio na stendi. Pua ikishuka, pikipiki husogea mbele, na stendi ya pembeni hukunjika kwa njia ile ile unayoikunja kwa mguu unapoondoka. Ongeza hapo maji ya chumvi, mafuta yaliyomwagika na tope la magurudumu, nawe utaona kwamba sitaha ni mahali pa kuteleza hata kwa mwanadamu mwenye miguu miwili na akili.

Wako watakaosema, "Mimi huvuka Likoni tu, ni dakika chache." Ni kweli mkondo wa Likoni ni mwembamba, wapata mita 500 tu. Lakini tukumbuke tarehe 29 Septemba 2019. Siku hiyo motokaa ilirudi nyuma kutoka katika feri MV Harambee, katikati ya mkondo huo huo, ikatumbukia baharini, na mama na binti yake wakafa. Wapiga mbizi walitafuta karibu majuma mawili, na motokaa ilitolewa tarehe 11 Oktoba katika kina cha mita 58 hivi. Ile ilikuwa motokaa yenye magurudumu manne. Basi asitokee mtu kusema kwamba njia fupi haina hatari. Ufupi wa njia hupunguza muda wa hatari. Kina cha maji hakipungui.

Sasa niingie katika kazi ya mpanda.

Kabla ya kupanda chombo, tazama pikipiki yako ungali gatini. Mzigo mrefu au mzito, kama magunia ya makaa, makreti ya soda au mitungi ya gesi, ushushwe na upakiwe peke yake. Mzigo ulio juu huifanya pikipiki iwe na kichwa kizito, nayo huanguka upesi. Tazama kifuniko cha tangi kama kimefunga sawasawa, na kama petroli inavuja, usipande mpaka umeitengeneza. Abiria wako ashuke apande kwa miguu. Unapopita juu ya mlango wa chuma, nenda taratibu kwa gia ya kwanza, magurudumu yakiwa yamenyooka. Usibane breki ya mbele kwa ghafula juu ya chuma kilicholowa. Kama hapo pana matope au wimbi, shuka, uisukume pamoja na mwenzako. Hakuna aibu katika kusukuma.

Ukiisha kufika mahali ulipoonyeshwa, zima injini, acha gia ya kwanza ndani, na kama pikipiki yako ina koki ya petroli, ifunge. Kisha funga mkono wa breki ya mbele kwa kipande cha mpira, ubanwe mpaka gurudumu la mbele lisizunguke. Gia hushika gurudumu la nyuma, mpira hushika la mbele. Kwa njia hii pikipiki haiwezi kusogea mbele ikakunja stendi yake.

Kama njia ni fupi namna ya Likoni, na chombo hakina nafasi ya kufungia, basi usiiache pikipiki hata kidogo. Simama kando yake, upande wa kushoto, mikono miwili juu ya usukani, na miguu yako isiwe mahali itakapoangukia. Usikae juu yake ukicheza na simu. Mtu aliyekaa juu ya pikipiki hawezi kuruka upesi, na ikilala hulala naye.

Lakini kama njia ni ndefu, kama ile ya kutoka Mbita kwenda Luanda Kotieno penye mlango wa Ghuba ya Winam, ambapo upepo wa alasiri waweza kuinua mawimbi, mikono haitoshi. Hapo yafaa kamba.

Kamba gani? Tulizoea sisi kufunga kila kitu kwa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu. Mpira ni mzuri kwa kubana breki na kwa kushika kifurushi. Kwa kushika pikipiki yenyewe haufai, maana kazi ya mpira ni kunyumbuka. Pikipiki itavuta, mpira utafuata, na kila wimbi litaongeza mvuto mpaka ianguke. Tumia mkanda wa kukazia kwa chuma, ule watumiao watu wa malori, au kamba nzima isiyo na mkato. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, kwa hiyo itakuwa ngumu kufungua. Kamba ya nailoni ikilowa huvutika zaidi, kwa hiyo yataka kukazwa tena baada ya dakika kumi. Aliye na kamba aijue tabia yake.

Njia iliyo bora ni kufunga pande nne. Weka pikipiki ikitazama mbele au nyuma ya chombo. Kamba mbili za mbele zianze chini ya usukani, pale chuma kinene kinaposhika miguu ya mbele, moja iende kushoto na moja kulia, zikishuka kwa mshazari mpaka kwenye pete za sitaha. Zikaze sawa kwa sawa mpaka shoki za mbele zishuke kama nusu. Usizikandamize mpaka mwisho, kwa maana sili zake zitapasuka na mafuta yatavuja. Kamba mbili za nyuma zishike chuma cha fremu, nazo zivute kuelekea nyuma kidogo, ili za mbele na za nyuma zishindane, pikipiki isipate njia ya kusogea upande wowote.

Kama una kamba moja tu, iache pikipiki juu ya stendi ya pembeni, na chini ya stendi weka kipande cha ubao ili isiteleze. Pitisha kamba juu ya kiti, ukiwa umekunja gunia au nguo nene kulinda kiti, kisha funga ncha zote mbili chini, upande huu na upande huu. Kaza zaidi upande wa stendi, ili pikipiki ibanwe juu ya mguu wake. Si imara kama kamba nne, lakini ni imara kuliko maombi.

Kuna mahali pasipofungwa kamba kabisa: vioo, taa za ishara, mabomba ya breki, nyaya, na ekzosi, ambayo ingali moto na itaunguza kamba. Fundo la mwisho liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, maana siku ya ajali hakuna wakati wa kuuma fundo kwa meno. Na mtu asijifunge mwenyewe pamoja na pikipiki, wala asifunge jaketi lake la kuokolea juu ya mzigo. Jaketi ni la kuvaliwa.

Ndugu zetu wa visiwani, kama wa Mfangano, mara nyingi huvusha pikipiki kwa boti za mbao. Huko yafaa kuongeza hadhari. Pikipiki ikae chini kabisa, katikati ya boti, ikielekea urefu wake. Isiwekwe ubavuni wala juu ya mizigo, kwa sababu uzito ulio juu hupindua chombo kidogo. Ifungwe kwenye mbao za mgongo wa boti, kamwe si kwenye mabenchi. Na pikipiki moja iliyokubalika na nahodha isigeuke kuwa tatu kwa sababu wenye haraka wamezidi.

Chombo kikikaribia gati, wengi hufungua kamba mapema na kuwasha injini ili wawe wa kwanza kutoka. Huu ndio wakati mbaya kuliko wote, maana chombo hugonga gati na kila kilicho wima hutikisika. Ngoja mlango ushuke, ngoja baharia akupe ishara, ndipo ufungue. Kamba ya mwisho kufunguliwa iwe ile inayozuia pikipiki isianguke upande wa kulia.

Hiyo ndiyo kazi ya mpanda. Sasa nije kwa kazi ya mwenye chombo, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Mtu aweza kuwa na kamba nne nzuri, lakini sitaha ikiwa haina pete, atazifunga wapi? Aweza kujua kila fundo, lakini akipewa dakika moja kabla chombo hakijaondoka, atafunga lini? Jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1985 Shirika la Kimataifa la Bahari, lenye makao London, lilitoa mwongozo juu ya kufunga magari katika meli zinazobeba magari, na mwongozo huo wasema habari za vyuma vya kufungia vilivyomo melini na pia vilivyomo katika gari lenyewe. Pande zote mbili zimetajwa. Mwongozo huo ulikusudiwa meli kubwa za baharini, lakini akili yake yafaa hata kwa feri ya ziwani.

Na ajali ikitokea, tazameni lawama inavyopenda kushuka chini. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Kiingereza iitwayo Herald of Free Enterprise ilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya pua ikiwa wazi. Maji yaliingia katika sitaha ya magari, feri ikapinduka, na watu 193 wakafa. Baharia aliyepaswa kufunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Ingekuwa rahisi kumtwika yeye mzigo wote, na kazi ingeishia hapo. Lakini uchunguzi ulipofanywa mwaka huo huo, ulipanda ngazi mpaka juu, ukaona kwamba uzembe ulikuwa katika kampuni nzima hadi kwa wakurugenzi, na kwamba nahodha hakuwa hata na taa ya kumwonyesha kama milango imefungwa. Wakuu wa meli walikuwa wameiomba taa hiyo kabla ya ajali, wala hawakupewa.

Funzo lake kwetu ni hili: jambo la usalama likiombwa, liombwe kwa maandishi, na nakala iwekwe.

Hapa Kenya tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake wote wawapo kazini. Mfanyakazi aliyetumwa kuvuka maji na pikipiki ya mwajiri yuko kazini hata akiwa katikati ya maji. Kamba zake si anasa za kununuliwa kwa mshahara wake. Ni vyombo vya kazi kama kofia ya kichwani. Na baharia anayepakia magari naye ni mfanyakazi mwenzetu. Msigombane naye gatini kana kwamba yeye ndiye aliyekata pete za sitaha. Mara nyingi yeye huamriwa apakie upesi, na haraka hiyo humhatarisha yeye kwanza.

Basi naleta mbele ya mkutano huu mambo matatu, myajadili na mkiyakubali katibu ayaandike. La kwanza, kila mwajiri anayewatuma wanachama wetu kuvuka maji kwa pikipiki awape mikanda ya kufungia na awafundishe kuitumia. La pili, wenye vyombo waombwe kuweka pete za kufungia mahali pa pikipiki, mbali na njia ya waendao kwa miguu, na chombo kisiondoke mpaka baharia ameona kwamba zimefungwa. La tatu, mwanachama akikataa kupakia pikipiki mahali pasipo na namna ya kuifunga katika njia ndefu, akachelewa kazini kwa sababu hiyo, chama kisimame naye.

Ndugu zangu, kufunga kamba nne huchukua dakika tano kwa mtu aliyezoea. Nimeleta mikanda hapa, na pikipiki mbili ziko nje chini ya mwembe. Tukimaliza ajenda, kila mmoja ajaribu kwa mkono wake, na aliyekwisha kujua amsaidie asiyejua.