Chavua Ilivyolikana Yungiyungi

Msikilizaji, ukiona yungiyungi na loto ya Asia katika bwawa moja, utaapa ni ndugu: majani mapana juu ya maji, maua makubwa, mizizi matopeni. Wataalamu wengi wa mimea nao walikuwa wakiviweka pamoja. Chavua ikakataa. Chini ya hadubini, chembe ya yungiyungi ina upenyo mmoja tu. Ya loto ina mifereji mitatu, alama ya kundi kubwa lenye maharage, mwembe na mbuni.

Mwaka 1952 mtaalamu wa mimea Gunnar Erdtman wa Uswidi alitoa kitabu kizima kuhusu maumbo ya chavua na upangaji wa mimea ya maua. Vinasaba vilipochunguzwa miaka ya 1990 vikaafikiana na chavua: loto iko karibu zaidi na makadamia, hii inayolimwa Kenya, kuliko na yungiyungi.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema hadubini imepitwa na wakati eti kwa kuwa DNA inasomeka. Ukuta wa chavua hustahimili hata asidi kali. Katika tope la ziwa huweza kudumu mamilioni ya miaka, vinasaba vikiwa vimekwisha kuharibika zamani.