Uko Upande Gani?

 

Kuna swali moja ambalo kila mtu aliyekimbia vita analijua: “Wewe uko upande gani?” Unaulizwa njiani, unaulizwa kisimani, hata na jirani mliyekula naye sahani moja. Ukijibu vibaya unapoteza shamba. Ukinyamaza, wanasema unaficha kitu.

Leo nitawapeleka mbali, inchi ya Marekani, katika vita ya uhuru ya mwaka 1775 hadi 1783. Makoloni 13 yalikataa utawala wa mfalme George wa tatu wa Uingereza, na tarehe 4 Julai 1776 yakatangaza uhuru. Wengi wetu tunafikiri ilikuwa vita ya Wamarekani na Waingereza tu. Sivyo. Ilikuwa pia vita ya jirani na jirani.

Wengine walisema: hatuwezi kulipa kodi inayoamuliwa London, fasi ambapo hatuna mjumbe. Hao tuwaite watu wa uhuru. Wengine walisema: tulimwapia mfalme, na fujo italeta mabaya zaidi. Hao tuwaite watu wa mfalme. Watumwa weusi nao walikuwa na hesabu yao. Mwezi wa Novemba 1775, gavana wa Virginia, Dunmore, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaopigana upande wa mfalme, na wengi wakakimbilia kwake. Je, utawaita wasaliti? Walifuata mlango uliofunguliwa. Kulikuwa pia na Wakristo waitwao Wakweka, waliokataa kushika silaha yoyote, nao wakachukiwa. Na wengi walitaka tu kuvuna mahindi yao.

Ndugu zangu, sikieni habari ya jamaa moja. Benjamin Franklin alikuwa mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru. Mwana wake, William, alikuwa gavana wa mfalme katika New Jersey. Mwaka ule ule wa 1776 watu wa uhuru wakamkamata. Mke wake akafa mwaka 1777, na yeye hakuruhusiwa kwenda kumwona. Alipofunguliwa mwaka 1778, yeye naye akaongoza huko New York kundi lililotuma watu kushambulia. Uchungu ulizaa uchungu. Vita ikaisha. Baba na mwana wakaonana mara moja tu, mwaka 1785, katika mji wa Southampton. Wakamaliza mambo ya deni na mashamba, lakini mioyo haikupatana. Benjamin akafa mwaka 1790, na katika urizi wake hakumwachia mwana ila kidogo sana. Inchi ilipata uhuru. Nyumba ile haikupata amani.

Na mwezi wa Oktoba 1780, kwenye mlima uitwao Kings Mountain, majeshi mawili yalipigana. Wapiganaji wa pande zote mbili walikuwa karibu wote wakaaji wa Marekani. Mskoti alikuwa mkubwa wa upande wa mfalme.

Wakati wa vita watu walilazimishwa kula kiapo. Majina yakaandikwa kwenye orodha. Mashamba na nyumba zikachukuliwa kwa sheria. Mwishoni, watu karibu 60.000 wakaiacha inchi yao, wengi wakaenda Kanada. Kati yao walikuwa weusi karibu 3.000 waliopelekwa Nova Scotia. Huko wakakuta baridi, ubaguzi, na ahadi za mashamba zisizotimizwa. Mwaka 1792 karibu 1.200 wakapanda meli kurudi Afrika, wakaanzisha mji wa Freetown, inchi ya Sierra Leone.

Sasa wakubwa wa vijiji, hili ni lenu. Mjane mmoja, Elizabeth Rutgers, alikimbia New York mwaka 1776 majeshi ya mfalme yalipokaribia. Kiwanda chake cha pombe kikashikwa na wafanyabiashara wa upande wa mfalme. Vita ilipoisha, mama akarudi, akadai kodi ya miaka yote. Wale wakajibu: jeshi lilituruhusu, na tulitengeneza kiwanda kilichokuwa kimeharibika. Aliyewatetea mahakamani mwaka 1784 alikuwa Alexander Hamilton, ambaye mwenyewe alikuwa amepigana upande wa uhuru! Wenzake walikasirika. Lakini aliona kwamba inchi mpya haiwezi kujengwa kwa kisasi, na kwamba mapatano ya amani ya 1783 lazima yaheshimiwe. Mahakama haikumnyima mama yote, wala haikumpa yote. Walitakiwa kulipa kodi ya sehemu ya miaka ile.

Tunajifunza nini? Kwanza, upande wa mtu hauonekani kwenye jina lake wala kabila lake. Hata baba na mwana waligawanyika. Pili, kukimbia si kosa, na kubaki si kosa. Mtu anaokoa watoto wake kwa njia anayoiona. Tatu, nyumba na shamba la aliyekimbia lina mwenyewe. Wewe unayelilima leo, waite wazee, semeni mipaka mbele ya mashahidi, muandike. Na wewe utakayerudi, kumbuka aliyetengeneza paa lako lisianguke. Nne, mama na baba, musiwarizishe watoto orodha ya maadui.

Wazee wetu walisema, tembo wakipigana nyasi ndizo zinaumia. Mimi naongeza: tembo wakienda, nyasi zitaota fasi moja. Basi zisichomane.

Kabla hatujaachana, zungumzeni maswali haya mawili nyumbani au chini ya mti: Katika kijiji chetu, nani anaogopa kurudi, na anamwogopa nani? Na mkubwa gani, kama Hamilton, atakubali kukasirikiwa na watu wake ili haki ipite?

 Amani iwe nyumbani mwenu, na kwa jirani yenu pia.