Subira na Hekima ya Kiongozi: Mafunzo ya Hudaibiya

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi wa misikiti)



Uongozi haupimwi siku ya raha. Hupimwa siku ambayo mpinzani anakudharau na wafuasi wako wenyewe wamevunjika moyo. Siku kama hiyo ilimfikia Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) pale Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijiria, yaani mwaka 628.

Alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400, nia yao Umra tu. Makureshi wakawazuia, kisha wakamtuma Suhail bin Amr kuandikiana mkataba. Suhail akakataa yasiandikwe maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu". Seyidna Ali (r.a.), kwa mapenzi aliyokuwa nayo, hakuweza kuyafuta, basi Mtukufu Mtume (s.a.w.) akayafuta mwenyewe, likaandikwa jina lake na la baba yake. Tafakarini, ndugu zangu! Cheo alichopewa na Mola wake hakikutegemea wino.

Masharti yalikuwa machungu. Waislamu warudi bila Umra hadi mwaka ujao, na anayekimbia Makka bila idhini ya walii wake arudishwe. Hapo hapo akatokea Abu Jandal, mwana wa Suhail huyo huyo, akikokota minyororo na kuomba hifadhi. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alimwombea, lakini Suhail akashikilia sharti lake, naye akarudishwa. Ahadi ilitimizwa hata pale ilipouma. Hiyo ndiyo tabia.

Kisha akawaamuru masahaba wachinje wanyama wao na kunyoa nywele. Kwa huzuni, hakuna aliyeinuka. Hakuwakemea. Aliingia hemani akamweleza mkewe, Bibi Ummu Salama (r.a.), naye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na kunyolewa yeye kwanza. Akaupokea ushauri wa mkewe. Na walipomwona, wote wakainuka. Hiyo ndiyo hekima: kusikiliza, kisha kutangulia kwa tendo.

Matunda yake yalikuwa nini? Walipokuwa njiani kurudi iliteremka Sura Al-Fat'hi, ikiita jambo lile ushindi. Amani ile iliwawezesha watu kukutana na kusikilizana, wengi wakasilimu. Lile sharti la kuwarudisha wakimbizi, Makureshi wenyewe baadaye waliomba liondolewe. Na mwaka wa 8 Hijiria, baada ya Makureshi kuvunja mkataba, Mtukufu Mtume (s.a.w.) aliingia Makka na watu 10,000, akawasamehe waliomtesa. Suhail naye akawa Mwislamu.

Basi tujiulize sisi tuliokabidhiwa amana ya misikiti. Ni mara ngapi jamaa imegawanyika kwa sababu jina la mtu halikutajwa katika mkutano, au hakupewa kiti cha mbele? Ni mara ngapi tumewakaripia vijana waliokaa kimya, nasi hatukushika ufagio kwanza? Aliye Mtume alikubali cheo chake kifutwe ili damu isimwagike; sisi tunashindwa kuacha neno moja ili undugu usivunjike. Hasira hasara. Msikiti uliojengwa kwa miaka mingi huweza kubomoka nyoyoni mwa watu kwa kikao kimoja.

Turudipo majumbani, kila mmoja wetu amtafute ndugu aliyegombana naye, atangulie yeye kumpa salamu.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira, tabia njema na hekima katika kazi hii. Amin.